Chapa ya Mtaa wa Elisabethville na Macho ya Watu wa Ziwani



Yapo mambo ambayo sisi walimu wa lugha tumezoea kuyanyamazia kwa kuwa twadhani ni kazi ya wachoraji na wapiga picha. Picha za ukutani ni mojawapo. Huzitundika ili darasa lisionekane tupu, kisha tukazisahau mpaka mchwa wazigundue. Lakini chapa moja ya zamani iliyomo katika darasa letu la Jumamosi hapa Nchelenge imezua ubishi mkubwa baina ya wanachama, hata wako waliofika kutosalimiana. Na kwa kuwa mengi yamesemwa juu yetu tukiwa hatupo, twaona yafaa tujibu katika kurasa hizi, mbele ya kila msomaji.

Kwanza tuieleze chapa yenyewe, maana wengi wanaoishutumu hawajaiona. Ni karatasi yenye ukubwa wa ukurasa wa gazeti, ambayo rangi yake nyeusi imegeuka kuwa ya chai. Yaonyesha pembe ya mtaa, pale barabara mbili zinapokutana. Kuna duka lenye baraza ya nguzo, na juu yake ubao wa jina la mwenye duka, ambao nusu yake imemezwa na kivuli. Motokaa mbili zimesimama. Lori moja limekatwa na ukingo wa picha, hata laonekana kichwa pasipo kiwiliwili. Bwana mmoja wa Kizungu aliyevaa suti nyeupe na kofia ngumu avuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, kama mtu anayejua kuwa atapishwa. Kumzunguka yeye kuna watu wengi: askari wa kaptura, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, vijana watatu waliosimama bila kazi inayoonekana, mtoto mwenye mzigo kichwani, na mwanamume mmoja anayesukuma baiskeli yenye kikapu kikubwa nyuma. Tuliwahesabu watu wote siku moja pamoja na wanafunzi, tukafika arobaini na mmoja. Chini yake kuna maneno machache ya Kifaransa yasemayo tu kwamba hapa ni mtaani, Elisabethville.

Chapa hiyo tulipewa na mzee mmoja wa Kashikishi aliyefanya biashara ya samaki tangu ujana wake. Alisema kaka yake mkubwa alirudi nayo kutoka migodini, ikiwa imeviringishwa ndani ya blanketi. Kwa miaka mingi ilikuwa sebuleni kwake, juu ya redio. Alipotuletea hakutaka malipo. Alitaka tu kujua kama watoto watamwambia ni kitu gani wanachokiona.

Sasa tuje kwa wapinzani wetu. Wamo wa makundi mawili, nao hawapatani wao kwa wao, jambo ambalo linatufariji kidogo.

Kundi la kwanza ni la waondoaji. Hawa wasema chapa ya mji wa kikoloni haina nafasi katika darasa la Kiswahili, kwamba ni mabaki ya kasumba, na kwamba mtoto wa mvuvi afundishwe kwa picha za mitumbwi na nyavu. Hoja yao ina heshima yake. Sisi pia tulikua tukisoma vitabu ambamo kila kizuri kilikuwa ng'ambo ya bahari, na twajua uchungu wake. Ila twawauliza: mnapoiondoa chapa, mnaondoa nini? Mkoloni ni mmoja tu humo, na amevuka barabara akaenda zake. Waliobaki arobaini ni jamaa zetu. Hao ndio mtakaowatia kabatini, na mara hii si Mbelgiji atakayewasahau, ni nyinyi.

Kundi la pili ndilo linalotuudhi zaidi, kwa kuwa ni kubwa, na kwa kuwa hujidai kuwa lapenda sanaa. Hawa ni wasifiaji. Wao hawataki chapa iondolewe kabisa. Huisogelea, hukunja mikono nyuma, hutikisa kichwa na kusema: tazameni mji ulivyokuwa safi! Tazameni barabara isiyo na shimo, maduka yaliyopakwa rangi, watu waliovaa nadhifu! Kisha huvuta pumzi na kuwaambia watoto kwamba zamani kulikuwa na utaratibu. Mwenzetu mmoja alikwenda mbali zaidi akatunga kabisa somo la uthamini wa picha: wanafunzi waeleze mwanga watoka wapi, kivuli chaangukia wapi, na jicho huvutwa na nini kwanza. Mwishoni waandike aya mbili juu ya pilikapilika za mjini. Tuliziona insha hizo. Thelathini na mbili, na zote zilikuwa insha moja. Kila mtoto aliandika kuwa mji una watu wengi na magari mengi na kwamba watu wana haraka. Watoto ambao hawajapata kufika mji wowote mkubwa wamejifunza kuusifu mji kwa maneno ya mwalimu, na mwalimu amewapa alama nzuri kwa kazi hiyo.

Hatupingi somo la mwanga na kivuli. Aliyeipiga picha hii alikuwa fundi, tena fundi wa kweli. Alisubiri mpaka jua likawa chini, baraza ikatupa nguzo zake barabarani kama mistari ya daftari, na kila mtu akapata kivuli kirefu kuliko yeye mwenyewe. Alisimama mahali palipoinuka. Alijua kwamba suti nyeupe itang'aa katikati. Ustadi huo tuuone na tuutaje. Tunachokataa ni kuishia hapo, kwa sababu ustadi ule ule uliomfanya bwana ang'ae ndio uliowafanya wengine arobaini wawe wingi tu. Nani alimwambia fundi amngoje bwana afike katikati?

Yafaa tueleze ni nini kilichotokea siku tuliyoacha maswali ya mwongozo, tukawaachia wanafunzi chapa kwa saa nzima. Darasani mna watoto wa Nchelenge na Kashikishi, mna wa visiwani waliokuja kwa mtumbwi, na mna wachache wa Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa wilayani humu Januari 2018, baada ya maelfu ya watu kuvuka kutoka Haut-Katanga na jimbo la Tanganyika katika mwaka 2017. Hao wa mwisho ndio wenye Kiswahili kinachotiririka, nasi walimu wao hujikuta twajifunza. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema kitu. Kisha binti mmoja akasema picha imechapwa kinyume. Tukamwuliza kwa nini. Akaonyesha motokaa: usukani uko upande wa kushoto, na magari yamesimama upande usio wake wa barabara. Mwenzake aliyewahi kusafiri na mama yake kwenda Mufulira kwa njia ile inayokata utepe wa nchi ya Kongo akamjibu kwamba kule ng'ambo ndivyo wanavyoendesha, upande wa kulia. Wa tatu akataka ushahidi. Akaenda kusoma ubao wa duka, akasema herufi zimenyooka, hazikugeuka, basi picha ni sahihi na gari ni la Kongo.

Msomaji ashike jambo hili. Watoto watatu, kwa dakika tano, walifanya kazi ya mtaalamu: walitia shaka, wakaleta hoja, wakatafuta thibitisho ndani ya kitu chenyewe. Tena walifanya hivyo kwa sababu wao ni watu wa mpakani, ambao kwao Kongo si jina la ramani, ni moto wa jikoni unaoonekana usiku ng'ambo ya maji. Mtoto wa mji mkuu asingeuona usukani ule. Aya mbili juu ya pilikapilika zilitaka kuwanyang'anya ujuzi huo.

Kutoka hapo walianza kuulizana umri wa picha. Jina Elisabethville lilitolewa kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji wakati mji ulipoanzishwa mwaka 1910, mwaka ambao reli iliyotoka kusini kupitia Rodesia ya Kaskazini ilifika huko. Nalo lilifutwa mwaka 1966 mji ulipoitwa Lubumbashi. Basi chapa haitoki nje ya miaka hiyo 56. Umbo la motokaa likaipunguza miaka ya mwanzo. Mzee wetu, ambaye siku hiyo alikuja kukaa nyuma ya darasa, alitazama lori lililokatwa kichwa akacheka peke yake. Halafu akanyosha fimbo kuelekea kwenye baiskeli.

"Ile kikapo iko ya samaki," akasema. "Ule mutu, iko mutu ya kwetu."

Hapo ndipo mwenzetu mmoja aliposimama kusahihisha. Aliandika ubaoni: Kikapu kile ni cha samaki. Yule ni mtu wa kwetu. Kwa sarufi hatuna la kumjibu. Lakini darasa lilinyamaza, na mzee akarudisha fimbo yake miguuni, asiseme tena neno kwa siku ile. Tutarudi kwa jambo hili, maana ndilo kiini cha ugomvi wetu. Kwanza tufuate kikapu.

Wako watakaouliza: mzee ajuaje kilichomo kikapuni, ilhali kimefunikwa? Twajibu kwamba mji ule ulikula nini ni jambo linalojulikana. Elisabethville ulikuwa mji wa shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba hapo mwaka 1911, nayo ilihitaji wachimbaji, na wachimbaji walihitaji chakula. Wachimbaji wengi wa mwanzo walitoka upande wetu. Kuanzia miaka ya 1910 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Robert Williams iliandikisha vijana wa bonde la Luapula na kuwapeleka Katanga, ambako wengine walirudi na blanketi na baiskeli, na wengine hawakurudi. Na chakula nacho kilitoka upande wetu. Pale Kasenga, kwenye ukingo wa Kongo wa mto Luapula, wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga ghala, wakaleta mashua na barafu, wakanunua samaki wa mto na wa ziwa Mweru kutoka kwa wavuvi wa kingo zote mbili, wakawapakia kwenye malori kwenda Elisabethville. Wavuvi wa upande wa Waingereza walivuka kuuza huko, mpaka au si mpaka, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na soko.

Samaki aliyependwa kuliko wote alikuwa mpumbu. Majira ya mvua mpumbu alipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga, naye alinaswa hapo hapo njiani, tumbo limejaa mayai. Kila lori lililokwenda mjini lilibeba samaki wa mwaka ule pamoja na samaki wa mwaka ujao. Kufikia miaka ya 1950 mpumbu alikuwa amekwisha kiasi cha kutostahili tena safari. Watu wakageukia pale, naye akapungua kwa zamu yake, na leo riziki ya wengi hapa Kashikishi ni chisense, kidagaa kinachovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana juu ya mchanga. Mwenye kusimama ufukweni penye giza la mwezi huona taa hizo zimetapakaa majini mpaka karibu na Kongo. Wanafunzi wetu walipoulizwa mji hufananaje usiku, hawakwenda kwenye kamusi. Walisema: kama ziwa la chisense.

Kwa hiyo pembe ile ya mtaa wanayoisifu kwa usafi wake ilikuwa mdomo wa ziwa hili. Mifupa ya mpumbu imo chini ya barabara ile, tukiruhusiwa kusema hivyo. Mtoto wa Nchelenge anapoitazama chapa hatazami mji wa watu. Atazama kilikokwenda kitu ambacho babu yake alikuwa nacho na yeye hana. Hilo si jambo la mwanga na kivuli.

Na huo usafi? Hebu tuuangalie. Mji wa Elisabethville uligawanywa. Upande mmoja walikaa Wazungu. Upande wa pili, katika mtaa ulioitwa Albert na ambao leo ni Kamalondo, walikaa Waafrika. Na katikati ukaachwa ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya mita ili pumzi za hawa zisiwafikie wale. Usiku Mwafrika alikatazwa kuonekana katika mji wa Wazungu pasipo kibali. Chapa yetu imepigwa mchana, jua likiwa linashuka. Wasifiaji wasimame mbele yake tena na wajiulize: saa mbili baadaye, ni wangapi kati ya hawa arobaini na mmoja waliokuwa bado na ruhusa ya kusimama hapo? Barabara ilikuwa safi kwa sababu waliokuwa wakiisafisha walifukuzwa walipomaliza. Huo ndio utaratibu wanaoufundisha watoto wauonee haya mji wao wa leo.

Tena utaratibu huo ulikuwa na bei nyingine. Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mishahara ambayo haikutosha kununua chakula. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari walifyatua risasi. Makumi walikufa, akiwamo karani Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao. Hatudai kwamba yumo katika chapa. Twasema tu kwamba waliouawa walikuwa watu wa aina ile ile: waliovaa nadhifu, waliosukuma baiskeli, waliosimama pembeni bila kazi inayoonekana.

Sasa turudi kwa yule aliyemsahihisha mzee.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna ugonjwa wa zamani, nao ni kusikia kosa kabla ya kusikia neno. Twasahau kwamba Kiswahili kilifika kwenye ziwa hili bila mwalimu. Kilikuja na misafara ya biashara. Livingstone alipowasili kwa Mwata Kazembe mwezi Novemba 1867 alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa ameshikiliwa na wenyeji kwa miaka mingi. Kilienea visiwani, na mpaka leo mgeni wa pwani hutabasamu anapotajiwa Kisiwa cha Kilwa akidhani amepotea njia. Baadaye kilipata kazi mpya. Migodi ya Katanga ilikusanya watu wa Luapula, wa Kasai, wa Rwanda na Burundi, nao wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya kambini, sokoni na jikoni, kikabadilika ngeli zake na kupata maneno ya Kibemba, Kiluba na Kifaransa. Pwani wakakidharau. Wabelgiji nao, waliokitumia kutoa amri, wakakidharau.

Lakini ni lugha hiyo iliyotuandikia maandishi ya chini ya chapa hii, yale ambayo mchapaji hakuyaandika. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa majumbani huko Elisabethville, yaani wapishi na maboi, kilimpa mwenzao André Yav kazi ya kuandika historia ya mji kama wao walivyoujua. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga, ikapigwa kwa mashine ya taipu na kurudufiwa, ikapewa jina la Kifaransa, "Vocabulaire de Ville de Elisabethville". Humo mji wasimuliwa na waliofua zile suti nyeupe. Haina nukta mahali pa nukta wala herufi kubwa mahali pake; mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeirudisha. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian akiwa pamoja na Kalundi Mango ndio walioitoa kitabu mwaka 1990, na hivyo wageni wakaithamini kabla yetu. Ni wangapi katika chama hiki waliokwisha kuisoma? Tuseme kweli: wengi wetu hata jina lake hawalijui, ingawa tumekwisha kukariri mashairi ya pwani ya karne mbili zilizopita, na si kwamba twayadharau.

Vivyo hivyo kwa mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika picha 101, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili kile kile, huku Fabian akimrekodi. Picha zake hazina ufundi wa mwanga tunaoukuta katika chapa yetu. Majengo hupinda na nyuso hufanana. Ila miongoni mwa picha hizo imo ya risasi za mwaka 1941, na mpiga chapa wetu, pamoja na ufundi wake wote, hakutuachia hiyo. Siku hizi yuko Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye katika mfululizo wa picha zake wa mwaka 2006 alichukua wafanyakazi kutoka picha za kumbukumbu za mkoloni akawasimamisha katikati ya magofu ya migodi kama yalivyo leo. Huyu hakuziondoa picha za zamani wala hakuzisifia. Alizipa mahali pa kusimama. Hiyo ndiyo kazi tunayoiomba darasani kwetu, kwa kalamu za risasi na karatasi.

Wenzetu wa pwani wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Chapa za namna hii ni nyingi zaidi kwao. Wapiga picha wa Unguja kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho waliuza kadi za posta ambazo hadi leo hutundikwa katika hoteli na kumbi za wageni. Iko mitaa ya Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya ishirini, ambapo abiria amekaa chini ya turubai katika kigari kinachokwenda juu ya reli, na wanaume wawili wakisukuma nyuma. Abiria amevaa kofia. Wanaosukuma wamevaa sare. Maandishi ya chini hutaja mtaa, pengine hutaja na kigari. Twawauliza walimu wa Mombasa: je, mmekwisha kuwapeleka wanafunzi kwa wazee wa Mji wa Kale na kuuliza kigari kile kiliitwaje na waliokisukuma? Au nanyi mmetoa aya mbili juu ya pilikapilika?

Twajua litakalosemwa. Litasemwa kwamba tumegeuza somo la lugha kuwa somo la siasa. Twakubali kwamba siasa imo, nasi si tulioitia. Iliingia siku maandishi ya chini yalipoamua kuutaja mtaa na kuwaacha watu. Litasemwa pia kwamba Kiswahili cha mzee kitawaharibu watoto, hasa sasa ambapo SADC imekipokea Kiswahili mwaka 2019 kuwa lugha yake rasmi na ulimwengu umekitengea siku, tarehe 7 Julai. Hofu hii twaielewa, maana nasi twafundisha sarufi, tena kwa ukali. Mwanafunzi wetu ajue kuandika "kikapu kile ni cha samaki" atakapoandika barua kwa ofisi. Lakini ajue pia kuandika alichosema mzee kama mzee alivyosema, pamoja na alama za kunukuu, bila kumvalisha kanzu asiyoishona. Asiyeweza kazi zote mbili amejifunza nusu ya lugha.

Baada ya siku ile ya ubaoni ilitubidi kwenda nyumbani kwa mzee kumwomba radhi. Tulimkuta akitengeneza wavu chini ya mwembe. Tukamsalimu kwa heshima ya huku, "bashikulu", tukakaa. Hakututaja wala hakumtaja aliyemsahihisha. Alisema tu kwamba kaka yake, aliyeleta chapa, alikuwa akiikunjua kila mtu alipokuja kutoka Kongo na kumwonyesha vijana wale watatu waliosimama kwenye baraza. Wa katikati alimjua. Alikuwa jirani wa kambini, na hakurudi kwao. Chapa ilinunuliwa kwa ajili ya mtu huyo, si kwa ajili ya mtaa.

Tulimwuliza jina la kijana. Akalitaja. Tulipomwuliza kama tuliandike jarida hili, akafikiri, akasema hapana, liandikwe darasani, wanaomfahamu wako huku.

Basi hivi ndivyo chapa ilivyo kwa sasa. Maneno ya Kifaransa yapo pale pale, hatukuyafuta. Chini yake tumebandika ukanda mrefu wa karatasi, na kila Jumamosi mwanafunzi anayeleta neno kutoka kwa mzee wa nyumbani kwake huliandika: moja kwa lugha aliyoisikia, moja kwa Kiswahili sanifu. Ukanda umekwisha kupita dirisha. Yamo majina saba ya watu ambao familia zao zasema walikuwa Elisabethville miaka hiyo. Iko bei ya baiskeli kwa faranga, iliyotolewa na bibi wa Kisiwa cha Chisenga, na bibi mwingine aliyeikataa bei hiyo kwa hasira. Uko wimbo wa wapakiaji wa Kasenga ambao mtoto aliukumbuka nusu. Juu ya kikapu kuna mabishano, kwa maana mtoto mmoja wa Mantapala ameleta neno kwamba vikapu vya namna ile vilibebea pia mihogo mikavu, naye ana bibi wa kumwunga mkono.

Waondoaji na wasifiaji twawakaribisha wote. Waje Jumamosi, baada ya saa mitumbwi inapotia nanga, na waje mapema, kwa sababu wazee nao wameanza kuhudhuria na viti havitoshi.